Fisi na Neno Hakuna

Mwaka ule mvua za vuli zilikosa, za masika nazo zikakosa, mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yalisalia mahali pamoja tu: chemchemi iliyokuwa ndani ya pango, kule mlimani. Mfalme Simba akamteua Fisi awe mlinzi wa chemchemi hiyo, maana Fisi alikuwa ameyasifu manyoya ya shingo ya mfalme kutwa nzima bila kupumzika. Amri ilikuwa moja: kila mnyama apewe kibuyu kimoja kila asubuhi.

Siku tatu Fisi aligawa. Siku ya nne aliziba mlango wa pango kwa jiwe, akakaa mbele yake.

Siku ya tano Mama Digidigi alifika tena na kibuyu chake. Mwanawe alikuwa amelala nyumbani, ulimi umemkauka, hawezi hata kusimama.

"Bwana Mlinzi, nimefuata maji."

"Hakuna," Fisi akajibu.

"Hata tone?"

"Hakuna tone, hakuna tope, hakuna unyevunyevu."

"Mbona ndevu zako zinachuruzika?"

"Haya ni machozi, mama. Nawalilia nyinyi."

Mama Digidigi akaenda kwa mfalme. Simba hakumpa hata nafasi ya kumaliza. "Unamsingizia mtumishi wangu!" akanguruma. "Kila adhuhuri Fisi huniletea maji. Tangu chemchemi ikauke, huyafuata mbali, jasho likimtoka. Wewe kama huna, basi ni uvivu wako."

Mama Digidigi akatoka pale na kibuyu kitupu. Njiani alikutana na Sungura, ambaye naye alikuwa hajanywa siku mbili. Akamweleza yote.

"Usilie, shangazi," Sungura akamwambia. "Maadamu anasema hakuna, tumwache aseme mbele ya wote."

Kesho yake akaomba baraza lifanyike palepale mlangoni pa pango. Wanyama wakajaa, midomo mikavu. Sungura akainama mbele ya Simba, kisha akamgeukia Fisi.

"Bwana Mlinzi, humo ndani kuna maji?"

"Hakuna."

"Labda kuna kitu kingine?"

"Hakuna chochote."

"Pengine kuna mali yako, tusije tukaigusa."

Fisi alisita. Akisema kuna kitu chake, ataulizwa ni nini. "Hakuna changu, hakuna cha yeyote," akasema.

"Mfalme umesikia," Sungura akasema. "Pango ni tupu, halina mwenyewe. Mwana wa huyu mama anaunguzwa na jua. Kwa ukarimu wako uliosifika kila pembe, wape wakae humo kivulini."

Simba aliposikia ukarimu wake unatajwa, akavimba kifua. "Nimewapa!"

"La, Mfalme!" Fisi akaruka. "Humo kuna nyoka!"

"Si umesema hakuna chochote?"

Wanyama wakacheka, wakalisukuma jiwe. Ubaridi ukawapiga usoni. Maji yalikuwa tele, yanang'aa, na juu yake yalielea manyoya ya Fisi. Ukingoni, kwenye tope, makalio yake yalikuwa yameacha alama ya mwenye kuoga kwa raha.

Simba akayatazama yale manyoya. Akakumbuka maji yake ya kila adhuhuri, na ile ladha aliyodhani ni ya chemchemi za mbali. Akatema mate.

"Kwa hiyo mimi..." akaanza, kisha akaikata kauli, maana mfalme hasemi hadharani kwamba amekunywa maji aliyoogea mtu. "Nilimshuku tangu mwanzo," akasema badala yake. Wote wakaitikia kwamba ndivyo, na Fisi akafukuzwa mlimani kwa mateke na pembe.

Mama Digidigi hakungoja kuyaona hayo. Alikuwa ameshateka, anakimbia. Mwanawe alikunywa, akakohoa, akanywa tena. Jioni akasimama kwa miguu minne inayoyumba.

Tangu hapo chemchemi haikuwekewa mlinzi. Na wanaoisimulia habari hii huwaambia watoto wao: mwenye kusema uongo ili awanyime wenzake, siku moja uongo huohuo utawapa haki ya kuingia.