Kwa Nini Pangambili Maji Hutangulia Wimbo

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota hata jino la kwanza, mgeni aliyeingia mji wa Pangambili hakuonjeshwa kitu mpaka aimbiwe. Ndivyo walivyokuwa wazee wetu, na msiwacheke, maana na ninyi mna yenu. Mgeni alisimamishwa mbele ya baraza kubwa, watu wakakusanyika, kisha akaitwa malenga, bingwa wa nyimbo wa mji, amkaribishe kwa tungo tangu salamu hadi ukoo wa jumbe. Baada ya hapo ndipo alipopewa kigoda, chakula na maji. Wimbo ukiwa mfupi mgeni angeona amedharauliwa, kwa hiyo haukuwa mfupi hata siku moja.

Malenga wa siku hizo alikuwa Mwinyikondo, mtu wa sauti nzito na kilemba kizito zaidi. Mji mzima ulijivunia yeye, na yeye alijivuna kuliko mji.

Katika mji huohuo aliishi Bi Mwanamize, mke wa Shomari, aliyepika vitumbua penye njia panda, mahali njia ya chumvi inapokutana na njia ya asali. Wapagazi wa kila kabila walipumzika hapo. Basi Mwanamize alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: alipenda lugha za watu. Hakuwa mkalimani, wala hakutumwa na mtu. Alipenda tu, kama wengine wanavyopenda ugoro. Mpagazi aliyempa neno jipya alipewa kitumbua cha kwanza kutoka kikaangoni, kile chenye ukingo mkavu. Alijua kwamba Wayao maji huyaita mesi na Wanyamwezi huyaita minzi, na maneno hayo aliyatafuna kutwa akigeuza vitumbua vyake, akijichekea peke yake.

Mumewe hakuacha kumtania. "Mke wangu, hizo lugha za watu zinashibisha?"

"Na wewe bao unalocheza tangu asubuhi," alijibu Mwanamize, "limekushibisha?"

Shomari akarudi kwenye bao lake, na maisha yakaendelea vizuri.

Ikaja harusi. Mpwa wake Mwanamize aliposa binti wa Kinyamwezi, na wazee wa bibi harusi wakawasili jua likizama. Mwanamize alijifunga kanga zake mpya, akawapita watu wote, akatoa salamu kwa sauti ya kusikika: "Mwangaluka!" Salamu nzuri kabisa, ila ni ya asubuhi. Mzee mmoja wa kule akalitazama jua, akamtazama na yeye, akauliza kwa upole, "Mama, ndiyo kwanza unaamka?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo jina lake likawa Bi Mwangaluka. Kila magharibi watoto walipita mlangoni kwake wakipiga kelele, "Kumekucha!" Shomari naye, akiketi kwenye bao, aliulizwa na wenzake kama mkewe ameshaamka. Siku moja alirudi nyumbani bila kuumaliza mchezo wake, akala, akalala. Hapo Mwanamize aliumia kweli. Aliapa kwamba lugha ya watu haitatoka tena kinywani mwake, na kwa miezi miwili aliuza vitumbua kwa Kiswahili kitupu. Mpagazi akimsemesha kwa lugha yake, aliinamisha uso kwenye moto.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mchana mmoja mtu mgeni aliingia mjini kwa njia ya asali akiyumbayumba. Jina lake Ndahani, Mgogo, aliyekuwa amepotezana na wenzake siku mbili nyuma, na kibuyu chake kimepasuka njiani. Alifika mbele ya baraza, akaanguka. Midomo yake ilikuwa imechanika.

"Malenga," alisema kwa sauti iliyokauka. "Malenga... malenga." Akanyoosha kidole kwenye kinywa chake.

"Mmesikia?" alisema jumbe, akisimama kwa furaha. "Sifa za Mwinyikondo zimefika Ugogo!"

"Masikini," mwingine akadakia. "Mguu wote huo, kuja kusikia wimbo tu!"

Mwinyikondo akaitwa mbio. Machozi yalimlengalenga, kwa sababu wageni wengi aliwahi kuwaimbia, lakini hajapata kuombwa na mtu aliyelala chini. Akakaza kilemba, akaanza wimbo wake mrefu kuliko zote. Kila Ndahani alipoguna "malenga," Mwinyikondo alimjibu, "Nipo, ndugu yangu, nipo," akaongeza ubeti.

Mwanamize alikuwa nyuma ya watu, mikono imejaa unga. Alilisikia neno lile tangu lilipotamkwa mara ya kwanza. Neno hilo alilijua. Alilipata kwa mpagazi wa chumvi, na lilimgharimu vitumbua vitatu badala ya kimoja kwa namna lilivyomchekesha: Wagogo maji huyaita malenga.

Lakini na mwangaluka nayo aliijua. Je, kama amekosea tena, mbele ya watu walewale? Kumkatiza malenga katikati ya wimbo hakujatokea Pangambili, na Shomari alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mwanamize aliogopa, na hakuna haja ya kumsitiri. Aliogopa kwa beti nne nzima. Katika ubeti wa tano, kile kidole cha mgeni kilichokuwa kikionyesha kinywa kikaanguka mavumbini.

"Nyamaza!" Mwanamize alipaza sauti, akipenya katikati ya watu. "Mwinyikondo, nyamaza! Haitwi mtu hapa. Huyu anaomba maji!"

"Bi Mwangaluka kaamka tena!" sauti moja ilisema, na baraza zima likaangua kicheko.

Hakuwajibu. Alichota maji kwa kata kwenye mtungi wa baraza, akapiga magoti, akamlowesha mgeni midomo kidogo kidogo kwa vidole vyenye unga. "Malenga," alimnong'oneza. "Haya, malenga."

Macho ya Ndahani yakafunguka. Aliishika kata kwa mikono miwili, akanywa. Kicheko kikafa pale pale, akabaki yeye tu anasikika, anameza.

Shomari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Aliitwaa kata tupu mkononi mwa mkewe, akageuka kwa wale wenzake wa bao. "Mnatazama nini? Leteni malenga mengine!"

"Malenga mwingine?" Mwinyikondo alishtuka. "Mimi nina kosa gani?"

Mgeni alipopata nguvu ya kukaa, Mwanamize aliona sasa anaweza kumsalimu. Alimpa ile salamu ya Kigogo anayoijua, "Mbukwenyi!", na hakujua kwamba ile aliyofundishwa ni ya kuwasalimu watu wengi. Ndahani akageuka nyuma kutazama hao wenzake wako wapi. Hakuona mtu. Akaelewa, akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu aliyetoka kinywani mwa kifo, mabega yakimtikisika. Mwanamize alikitazama kicheko kile, akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia. Akacheka na yeye.

Mwinyikondo alivua kilemba. "Nimemwimbia mtu beti tano huku anakufa," alisema, akaketi chini, na siku ile hakuimba tena.

Na tangu siku hiyo, mgeni akiingia Pangambili hupewa maji kwanza, na anayempelekea ni malenga mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa amefunga mdomo. Mgeni akishakunywa, huulizwa kwao maji yanaitwaje. Neno atakalolitaja hurudiwa na baraza zima, wakubwa kwa wadogo, na kila mara tunalikosea. Naye hutucheka. Tukisikia amecheka, tunajua amefika.