Sinia la Kwenda Nurulaini

Usinikunjie uso kabla sijafungua kinywa. Wewe ndiye uliyesadiki kwamba ng'ambo mkate hujipaka siagi wenyewe, na kwamba mtu akishuka tu hukabidhiwa nyumba na ufunguo wake, na kwamba huko hata wagonjwa wanapendeza. Hayo yote uliyameza bila maji. Leo nikikwambia kwamba sinia la shaba liliruka angani na watu juu yake, unataka nikuletee mashahidi. Kunja miguu ukae vizuri, na anayetaka kucheka akachekee nje.

Mji wa Marjanu ulitawaliwa na Sultani Nadhiri bin Ghalibu, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo, na mji wake ulikuwa na visima vya maji matamu na bustani za mikomamanga na masoko yenye kunukia udi, wala haukupungukiwa na kitu ila ridhaa ya wakazi wake. Kila mwezi ukiandama, asubuhi yake, sinia la shaba lenye ukubwa wa uwanja wa ngoma lilishuka kutoka mawinguni mpaka mbele ya kasri, likivuma kama nyuki wa dunia nzima, na waliotaka kwenda Nurulaini, nchi ya Jini Kashkashi, walipanda wakakaa duara, magoti kwa magoti, kama sambusa za futari. Ngoma zikalia, Sultani akapunga leso, na sinia likapaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini chombo cha kuchukulia watu kifanane hivyo na chombo cha kuandalia chakula.

Katika mji huo aliishi Bi Tatu, mjane mpika halua, na binti zake wawili. Mkubwa ni Mize, msichana mrefu mwenye mikono ya nguvu kwa kusonga halua na ulimi usiolala njaa, na mdogo ni Zena, aliyekwisha kuposwa na Sefu muoka mikate. Halua ya nyumba hiyo ililiwa hata kasrini, lakini Mize kila akishika mwiko mbele ya lile sufuria kubwa alijiona amezikwa hai. Maana binti wa mama yake mkubwa, Arafa, alikuwa amekwenda Nurulaini, na kila mwezi kasuku wake wa kijani alitua barazani na kusema kwa sauti yake Arafa mwenyewe:

"Nakanyaga fedha asubuhi na jioni. Miti ya huku inazaa hereni. Jana nimeshika taji la mfalme kwa mikono yangu miwili."

Mtaa mzima ukakusanyika kusikiliza, na wenye watoto wasiokwenda kokote wakaondoka wameinama. Bi Tatu peke yake ndiye aliyemtazama ndege yule kwa jicho la upande akauliza mbona hasemi Arafa amekula nini. Mize akamjibu kwamba kasuku si mpishi, na mama yake akarudi kuchunga moto.

Basi Mize akatangaza safari. Na siku ya kumuaga watu walimiminika na maagizo yao. Huyu anataka hereni za mtini, yule anataka hariri ya nyuzi za dhahabu, shangazi mmoja asiyejulikana ni shangazi wa nani akataka bangili za miguuni, na Sultani Nadhiri naye akatuma mtu kusema kwamba hatakataa zumaridi la kutia kwenye ala ya upanga wake. Mize akayapokea yote kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani. Akavaa kanga yake ya kila siku, akaziacha nzuri kwa Zena, kwani ya nini kubeba nguo kwenda nchi ya hariri? Akapanda, na sinia likapaa naye.

Na lilipaa, wallahi. Lilipasua mawingu ya rangi saba, na Mize akapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Wakapita juu ya mlima unaokohoa moto, na juu ya ndege mkubwa aliyelala angani kwa bawa moja, na juu ya bahari nyeupe kama maziwa ambamo samaki walikuwa wakisoma kwa sauti, na jua likawaka chini yao badala ya juu. Kisha Nurulaini ikatokea mbele yao, na wote waliokuwa kwenye sinia wakalia kwa furaha, hata mzee mmoja aliyekuwa akitapika tangu waanze safari.

Usingoje nikwambie kwamba ilikuwa uongo. Yote yalikuwa kweli. Barabara zilikuwa za madini ya fedha yaliyong'aa mpaka unauona uso wako, na miti ilizaa hereni za lulu na za yakuti, na chemchemi zilitoa marashi, na majumba ya bilauri yalisimama bila nguzo, na juu ya paa la kila jumba tausi wa zumaridi alitangaza saa kwa jina la mwenye nyumba. Mize akashuka akainama kuigusa barabara kwa kiganja. Alipoinua macho alimwona Arafa amesimama mbele yake, amekonda, mikono imepasukapasuka, na katika mikono hiyo ana kitambaa na bakuli la majivu na ndimu.

"Karibu mdogo wangu," alisema Arafa, akampa kitambaa. "Sehemu yako inaanzia pale penye chemchemi."

Hapo ndipo Mize alipofahamu. Fedha ikikaa inaweka weusi, na majini wana miguu mizito na vumbi la moto, na wakipita barabarani jioni ni lazima asubuhi isuguliwe upya, na hereni za mitini zifutwe moja moja, na taji la mfalme wao lisuguliwe ncha kwa ncha. Na jini hasugui. Jini ana watu wa Marjanu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Mize.

"Nilikwambia nakanyaga fedha. Hii ni bati?"

"Hukusema habari ya kitambaa."

"Ningesema, ungeamini?"

Mize akakitazama kitambaa. Alijijua. Angesema Arafa ana kijicho, amepata na sasa hataki wenzake wapate. Akapiga magoti akaanza kusugua, na chini ya kitambaa uso wake mwenyewe ukamtazama.

Sasa haikuwa jahanamu, wala sitaki mtu atoke hapa akasimulie kwamba nimesema jahanamu. Walilala penye paa, walikula uji wa shayiri, na hakuna aliyewapiga. Kila mmoja alipewa kasuku wake bure, na hapo ndipo Mize alipofanya lake. Mara ya kwanza ndege alipotua mkononi akisubiri maneno, Mize aliwafikiria wale wote wenye maagizo, na shangazi yule, na Sultani, akakohoa kidogo, akasema, "Mwambie mama nakanyaga fedha kutwa nzima. Mwambie Zena leo nimeshika lulu zisizo na idadi." Kasuku akaruka. Hakuna neno hata moja la uongo katika hayo, na Mize alijisikia kama aliyemwibia mama yake kuni jikoni.

Ikawa hivyo kila mwezi, mpaka siku moja kasuku alirudi na sauti ya Zena, nyororo, imejaa asali.

"Dada, nimemrudishia Sefu posa yake. Mimi na unga wa ngano hatuna la kuambiana tena, nakuja kuolewa na mtoto wa waziri huko kwako. Sinia lijalo nimo. Mama hasemi nami. Niwekee chumba kinachotazama mti wa hereni."

Mize alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akamshika ndege kwa mbawa, akamfundisha maneno mapya, akamrudishia tena na tena, kwamba Zena asije, kwamba huku wanasugua barabara kwa magoti, na amrudie Sefu kabla hajapata mwingine. Kasuku akaenda na kurudi, na alichorudi nacho ni kicheko. Zena alikuwa amewaambia wenzake barazani, na ndege akayaleta kama yalivyo: "Mwaona? Ameshapata, sasa hataki na sisi tupate."

Basi mwezi ulipoandama tena, asubuhi yake Mize akatupa kitambaa, akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Jini Kashkashi, na wasuguaji wenzake wakamfuata kwa mbali. Jini alikuwa ameketi juu ya zulia la moshi, kilemba chake kinagusa dari, na mbele yake amewekewa tende zenye ukubwa wa mito ya kulalia. Mize akasujudu nusu, maana magoti yalikuwa yamechoka, akamwambia kwamba anataka kwenda kwao, na kama amefungwa, afunguliwe.

Jini akaweka tende chini kwa adabu. "Ewe binti wa Adamu, umenidhulumu kwa neno hilo," alisema. "Mimi niliapishwa na Nabii Suleimani kwa pete yake kwamba sitamfunga binadamu, na kiapo sijakivunja. Nyuma yako kuna mlango. Haujapata kufungwa kwa kufuli tangu siku ulipotiwa bawaba. Aupitaye hutokea mahali pale pale alipopandia sinia, na sharti lake ni moja: atoke na alichokuja nacho, si zaidi."

Wote wakageuka. Mlango ulikuwepo, wa mbao za mkangazi, na buibui walikuwa wamejenga juu yake kizazi baada ya kizazi. Kila aliyekuwa pale alikuwa akiujua, na kila mmoja akatazama pengine.

Jini akaendelea, na sauti yake ikawa laini kama mafuta. "Lakini kwa nini utoke hivyo, nawe ni mwenye akili? Chukua joho hili la hariri na pete hii, upande sinia ukawatembelee kwa heshima. Waambie upendalo, hata la kweli. Kisha nirudie na wasichana kumi, na hutashika kitambaa maisha yako yote, bali utakaa kivulini na kuonyesha kwa kidole penye doa."

"Niseme hata la kweli?"

"Sema. Nani atamsikiliza mwanamke aliyevaa joho hili?"

Mize akalitazama joho, na lilikuwa zuri kupita maneno, linabadilika rangi kama shingo ya njiwa, na mkono wake ukaenda wenyewe mpaka kwenye upindo. Akaliona lingemkaa vipi mbele ya wale wenye maagizo. Kisha akauondoa mkono. Mdomo ulikuwa umekwisha kushindwa kwa ndege, na ndani ya joho ungeshindwa tena. Kilichobaki ni macho ya watu, na macho yanataka kitu cha kuona. Akaenda pembeni akafungua bunda lake, akajifunga kanga ile ya kuondokea, ambayo sasa imepauka na kuchanika upindo, akajitokeza mbele ya mlango akaanza kuondoa utando wa buibui kwa vidole.

Arafa akamkamata kiwiko. "Utatuaibisha sote. Wakikuona wewe wametuona na sisi. Mama yangu anapishwa njiani kwa ajili yangu, unajua hilo?"

"Najua. Njoo tutoke wote, apishwe kwa sababu nyingine."

"Na maagizo yao? Mimi nina ya miaka mingi, Mize."

Mize akausukuma mlango.

Najua mnataka harusi. Hamwezi kusikia hadithi mkatulia mpaka mtu aolewe, basi nawapa sasa hivi ili mwache kuchezesha miguu. Zena aliolewa na Sefu, baada ya kumwomba radhi mbele za watu, na Sefu akajifanya mgumu kwa muda unaostahili, na mikate ya harusi ilitiwa ufuta pande zote mbili. Mize alirudi kwenye sufuria la halua na akaifanya iwe nyepesi na yenye kung'aa hivi kwamba sinia la shaba likawa linashuka kuchukua halua zaidi ya watu, na Jini Kashkashi akalipa kwa lulu, na Mize akatajirika mpaka Sultani Nadhiri akaja kumtembelea yeye. Aliolewa alipotaka, na mwanamume asiyependa kusimulia. Na wapo waliokwenda Nurulaini baada ya hapo, wanajua wanachokwenda kufanya, na kitambaa chao wamekichagua wenyewe, na wengine walifaidika. Siwakatazi. Ninayemkataza ni anayekwenda kwa kushibishwa maneno, na zaidi yake yule aliyekwenda akaona, kisha akarudi akashibisha wenzake.

Lakini Mize alipousukuma ule mlango hakuyajua hayo hata moja. Alichokiona ni uwanja wa kasri la Marjanu mchana kweupe, na ngoma zinalia, na Sultani ameshika leso tayari, na Bi Tatu amesimama nyuma kabisa ya watu na mwiko bado mkononi. Sinia lilikuwa chini linavuma. Zena, katika kanga zile nzuri, alikuwa ameweka mguu mmoja juu yake.

Mpiga ngoma wa kwanza alimwona akasita, kisha wa pili. Watu wakageuka mmoja baada ya mwingine, na yule shangazi wa maagizo akafunua mdomo. Wakamtazama kanga, wakamtazama magoti yaliyoota sugu. Zena naye akageuka. Akamtazama dada yake usoni, kisha akashuka kwa macho mpaka kwenye mikono, na macho yakabaki hapo.

Nyuma ya Mize, Arafa alikuwa akinong'ona kwamba bado hawajamwona sawasawa, kwamba joho liko palepale, na kwamba arudi ndani.

Mize akavuka kizingiti, akanyoosha mikono mbele ili ionekane vizuri, kisha akaurudisha mlango kwa kisigino mpaka ukagota.