Wachumba wa Mwanamize

Ngano imebisha hodi, wanangu. Ikaribisheni!

Mwanamize alichumbiwa na wawili waliojigeuza watu: Papa wa baharini, na Salamanda wa kijitoni, mwenye ngozi mbichi kama ya chura. Kwao Mwanamize, mchumba habanduki mkekani kwa mama mkwe mpaka amalize vikombe vitatu vya kahawa.

Kikombe cha kwanza, Papa akainuka, akazunguka ua. Cha pili, akazunguka. Cha tatu, akazunguka.

“Niwie radhi, mama. Nikitulia, pumzi hukatika.” Akarudi zake baharini.

Salamanda alitulia tuli. Jua likamkausha hata ngozi ikaanza kupasuka. Mwanamize, roho juu, akanyakua mtungi akammwagia maji.

“Mama, ni huyu!”

Mama akacheka. “Haya mkwe, inuka, mkeka wangu unalowa!”

“Bado, mama. Kikombe cha tatu sijamaliza.”