Kanuni Iliyotaka Kukaa Kwenye Kiini

Wapendwa, niazimeni masikio kidogo, hata ninyi wa kule nyuma mnaotazama saa.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali moja. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ujumbe wa wodini unafika maabara na majibu yanarudi. Ana bidii huyo, jamani! Akatunga kanuni yake mwenyewe, programu ndogo inayoamuru hivi: ujumbe wa mgonjwa mahututi upite mbele ya mwingine wote. Alihangaika nayo miezi mitano.

Sasa, kompyuta ina kiini, sehemu ya ndani kabisa inayoshika kila kitu. Programu za kawaida hukaa nje ya kiini. Ya nje ikianguka, inaanguka peke yake, unaiwasha tena, maisha yanaendelea. Ya kwenye kiini ikianguka, kompyuta nzima chali.

Fundi akataka kanuni yake iingie kwenye kiini. Mkubwa wake wa kazi, mama wa makamo, akamuuliza, "Kwa nini ndani, mwanangu?"

"Ndani inakwenda haraka zaidi, mama. Halafu kitu kikiwa ndani, watu wanajua ni cha maana."

"Haraka kiasi gani?"

"Aa, kama kufumba na kufumbua."

"Basi iache nje. Kufumba na kufumbua, mgonjwa atavumilia."

Roho ilimuuma. Aliona jasho lake limedharauliwa. Mama alipokwenda likizo, akaiingiza ndani.

Wiki mbili mambo yakawa shwari. Kisha asubuhi moja muuguzi akatuma ujumbe wa mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu: mpimeni aina ya damu, haraka! Kanuni ikadai namba ya kitanda. Kitanda kipi? Wodi ilifurika, mama wa watu alikuwa kwenye godoro sakafuni. Muuguzi akaacha wazi pale pa namba. Fundi wetu hakuwahi kuwaza kwamba mgonjwa anaweza kukosa kitanda! Kanuni ikajikwaa, kiini kikaanguka nayo, na kwa kuwa ujumbe wote ulipita kwenye kompyuta hiyo moja, hospitali nzima ikawa kimya, maabara hadi dirisha la dawa.

Muuguzi alitimua mbio na kikaratasi mkononi. Mama yule alipona, Mungu ni mwema. Lakini fundi alibaki mbele ya kioo cheusi.

Mkubwa wake aliporudi hakumfokea. Waliketi pamoja, wakasahihisha kosa, kisha akaihamishia kanuni nje.

"Mama, umeifukuza kazi yangu."

"Sijaifukuza. Nimeiweka mahali itakapojikwaa na kuinuka bila kumwangusha mgonjwa."

Mnamcheka fundi? Na sisi je? Kwenye kiini cha imani yetu tumeweka nini? Kristo, sawa. Upendo, sawa. Na nini tena? Saa ya ibada. Kinanda au ngoma. Sare ya kwaya! Ni vitu vizuri, wala sisemi tuvitupe, vina mahali pake.

Lakini mwaka jana dada yetu mmoja alikuja kuimba bila sare. Mnamkumbuka. Tukamtoa kwenye mstari mbele ya watu. Hakuiacha kwaya tu, ameacha hata kusali. Kumbe hatukuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kukosa sare.

Kwake mnapajua. Leo tukitoka hapa twendeni, nami nitatangulia kubisha hodi, kwa sababu mkono uliomtoa kwenye mstari ulikuwa huu wangu.