Maji Yaliposimama Mferejini

"Maji yakisimama, tua kasia."

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkatazamana, maana hapa uani hakuna maji wala kasia. Kaeni basi, pilau bado haijaepuliwa. Maneno hayo yana wenyewe, na yalipatikana hivi.

Katika kijiji kimoja cha juu, kando ya mto Tana, aliishi mkulima wa mpunga aitwaye Buya. Alikuwa mtu wa mipango. Mvua haikupata kumkuta shamba halijalimwa. Yeye na mkewe, Habona, walijaliwa mtoto mmoja tu, msichana, wakamwita Makorani. Mwaka mmoja homa ikampitia mtoto yule, ikaondoka naye hata meno ya utoto hajang'oa.

Tangu matanga yalipoanuliwa, Habona alilima, alipika, alichota maji, lakini maneno yalimkauka kinywani. Ukimuuliza jambo, anakujibu kwa kichwa. Na majirani, kwa kuchelea kumtonesha kidonda, wakaacha kumwita Buya kwa jina la mwanawe. Lile jina la Baba Makorani likazikwa pamoja na mtoto.

Buya hakuijua dawa ya kimya. Alichojua ni kupanga. Akakumbuka kwamba Habona, tangu alipokuwa mwari, alitamani kuuona ule mfereji wa kusini uliochimbwa na watu wa kale kuunganisha mito miwili. Wachuuzi wa maembe walikuwa wakiusifu: miti imekumbatiana juu yake, na mayungiyungi yametandazwa kama mkeka. Akaamua kumpeleka.

Kijiji kilicheka.

"Buya, unakwenda kuuza nini huko?"

"Siuzi kitu."

"Basi kuna msiba? Kuna harusi?"

"Tunakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

Wakamcheka tena Buya. Lakini hakurudi nyuma. Aliwaendea wachuuzi mmoja mmoja akawauliza wapi ukingo ni mkavu wa kulala, wapi viboko wana watoto, wapi maji hayana chumvi. Akaazima mtumbwi mrefu mwembamba, kwa kuwa mfereji wenyewe ni mwembamba, akauezeka makuti katikati ili mkewe apate kivuli. Akapanga chai wanywe wapi, mchana wale chini ya mkuyu gani, usiku walale kwa nani. Tena akatuma salamu kwa Mama Hiribae, shangazi yake Habona, aliyekaa mwisho wa mfereji, kwamba siku ya gulio wapikiwe, watakuwa wamefika.

Wakashuka na mto mpaka mdomo wa mfereji, wakaingia. Naam, wachuuzi hawakusema uongo. Jua lilichujika kwenye majani likaanguka majini vipandevipande. Kila walipokata kona, mfereji ulifunguka upya, kijani juu ya kijani. Lakini Buya hakuona. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye mkuyu wa chakula cha mchana, na kasia lake halikupumzika.

"Ndege gani yule?" Habona aliuliza.

"Yupi?" Buya aligeuka. Palikuwa na tawi tupu likitikisika. "Tumeshampita. Tukikawia hapa, mkuyu tutaufikia jua limezama."

Habona akavuta leso yake kichwani. Ndipo Buya alipong'amua kwamba lile ndilo swali la kwanza mkewe kuuliza tangu msiba. Likamchoma. Na kwa kuwa hakujua la kufanya, akazidi kupiga kasia, kana kwamba alichokiacha nyuma angekikuta mbele.

Kesho yake, jua limepanda, mtumbwi ulianza kuwa mzito. Buya akadhani wamenasa kwenye magugu. Akachungulia: hakuna gugu. Akatazama jani kavu lililokuwa likielea mbele yao. Limesimama. Povu limesimama. Mfereji wote, ukingo hadi ukingo, umetulia tuli kama maji ya mtungini. Hawa walikuwa watu wa juu, mbali na pwani. Habari ya bahari kujaa na kusukuma maji ya mto hawakuijua. Buya akapiga kasia kwa nguvu zaidi, jasho likamtiririka.

"Baba Makorani," Habona akaita.

Kasia likamganda mkononi.

"Baba Makorani, tua kasia. Maji yamesimama."

Akalilaza mtumbwini. Ile michirizi ya maji ikafa, na mbingu ikashuka yote ndani ya mfereji: mawingu, matawi, hata nyuso zao wote wawili, bila kiwimbi hata kimoja. Kisha jani lile likatikisika, likageuka, likaanza kurudi lilikotoka. Mto ulikuwa unapanda! Maji yakameremeta kwa samaki, na mara kutoka upande wa bahari wakaja ndege weupe, kundi juu ya kundi, mpaka kivuli chao kikapita mtumbwini kama wingu. Upepo wa mbawa ukaipeperusha leso ya Habona. Buya akainua uso akawatazama.

"Angepiga makofi," Habona akasema. "Makorani. Angepiga makofi mpaka atuangushe majini."

"Angewaita ndege wote waje nyumbani," Buya akajibu.

Habona akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Wakalia pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya hata siku ya maziko, huku mtumbwi ukirudi nyuma polepole wenyewe. Mkuyu wa siku ile hawakuufikia. Walikula chakula chao pale maji yalipowapeleka, wakizungumza habari za mtoto wao.

Mama Hiribae aliwapokea kwa hasira. Gulio lilikuwa limekwisha zamani, na chakula alichowapikia kilikuwa kimeliwa na majirani.

"Mbona hivi, mwanangu? Si ulituma neno kwamba umepanga kila kitu?"

"Nilipanga, shangazi," Buya akasema, akimpa Habona mkono ashuke. "Lakini maji yakisimama, tua kasia."

Mama Hiribae alimtazama Habona usoni, akaona umekunjuka, akasahau hasira. Neno lile akalichukua, akawapa wengine, likapanda mto mpaka kwetu. Basi bwana harusi akiambiwa, msicheke. Anaambiwa kwamba itakuja siku ambayo nguvu zake zote hazitausogeza mtumbwi, na aliyekaa naye ndani atakuwa anamwita. Siku hiyo asipige kasia, asikilize. Maji yakisimama, tua kasia.