Jina la Mahganj kwenye Jalada

Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwahi kuona kompyuta, lakini naapa walimjua Shahdad wa Turbat kabla hajazaliwa. Mbachao ni mkeka mkuukuu wa kusalia. Umeliwa pembeni, unachoma magoti, na wageni wakija unausukumia uvunguni kwa haya. Hata hivyo ni wako, na kila alfajiri unaukuta pale ulipouacha. Msala upitao una nakshi na ulaini wa kubembeleza, ila mwenyewe yuko safarini, na akiondoka huondoka nao. Watu huipenda sana methali hii inapowahusu wengine, na Shahdad, ambaye ni mwalimu wa shule, ameifundisha darasani zaidi ya mara moja.

Shahdad na dada yake mkubwa, Mahganj, waliishi Turbat, mji wa Wabulushi, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, Pirdad. Mzee huyo hakuacha shamba la mitende wala duka sokoni. Aliacha kaseti mia tisa za nyimbo za Kibulushi, nyingine zikiwa za waimbaji ambao hata makaburi yao hayajulikani. Kaseti zilipoanza kukwaruza na kukatika, ndugu hao wawili waligawana kazi. Shahdad alihamisha sauti kwenye kompyuta. Mahganj, mjane aliyekuwa akifuma nakshi za magauni ya maharusi, alichukua majalada.

Kazi yake aliifanya kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Aliikunjua karatasi ya jalada, akaifuta vumbi kwa kitambaa laini, akailaza chini ya kitabu kizito usiku mzima ili inyooke, kisha akaipiga picha kwenye skana, mbele na nyuma, kwa pikseli elfu tatu kila upande. Alitaka hata herufi ndogo kuliko zote zisomeke: nani alipiga benju, ile ala yetu ya nyuzi, nani alipiga ngoma, nani alitunga maneno. Kila picha aliihifadhi kwenye folda yake, na nakala akaipachika ndani ya kila wimbo wa kaseti ile. Ilimchukua miaka minne. Mwaka uliofuata mto ulifurika ukaingia mjini, na ghala la nyuma ya nyumba likageuka uji wa matope. Kaseti na karatasi zake zote zilikwenda na maji. Ilipona diski moja tu, ambayo Mahganj aliifunga kwenye mfuko wa plastiki akaibeba kichwani huku maji yakimfika kifuani.

Miongoni mwa majalada hayo lilikuwamo moja ambalo Mahganj alilitunza kuliko mengine. Lilikuwa la kaseti ya marehemu Ustadh Karimdad, yenye wimbo unaoitwa "Mtende wa Aliyesafiri". Wimbo huo Mahganj aliutunga akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa desturi yetu, mtunzi hupiga muhuri shairi lake kwa kujitaja jina katika ubeti wa mwisho. Ustadh Karimdad aliyasoma maneno, akatokwa na machozi, kisha akatikisa kichwa.

"Binti yangu, shairi ni tamu, wallahi," alisema. "Lakini mimi nitamtajaje binti wa mtu mbele ya wanaume mia tatu? Hilo benju watanivunjia kichwani!"

Basi ubeti wa mwisho uliimbwa bila jina. Pirdad aliumia, akapanda basi mpaka Karachi kwa mchapaji, akakaa mlangoni pake siku mbili hadi jina likachapwa ndani ya jalada, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: Maneno ya Mahganj binti Pirdad. Daftari ambamo Mahganj aliliandika shairi lilichukuliwa na mafuriko. Tangu siku hiyo, mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba wimbo ule ni wake palikuwa ni ile picha ndani ya diski. Shahdad alilijua hilo kama alivyolijua jina lake mwenyewe.

Msala ukaja. Hasil, kaka wa mke wa Shahdad, alirudi likizo kutoka Maskati na gari jeupe, jipya, lenye skrini pana kama sinia la wali. Likizo ilipokwisha alimkabidhi Shahdad funguo. "Litunze, shemeji, mpaka nitakapolihitaji," akamwambia. Shahdad, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa pikipiki, alianza kutembea kifua mbele. Sisi majirani tulisalimiwa kupitia dirishani.

Siku ya kwanza alipochomeka nyimbo zake kwenye gari, Hasil alikuwa bado hajaondoka. Sauti ilitoka, ikakwama, ikatoka tena, na kwenye skrini pakajitokeza alama ya kijivu badala ya jalada.

"Hee, shemeji!" Hasil alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka yote unatupigia kelele na hazina yako, kumbe hata gari linaikataa?"

Shahdad aliuliza huku na huku, akaambiwa kwamba redio ya gari lile haisomi picha inayozidi pikseli mia tano. Akaenda moja kwa moja kwa dada yake, aliyekuwa akichagua nyuzi barazani.

"Dada, picha zako zimenenepa mno. Gari linazitapika. Nataka kuzipunguza ziwe za mia tatu."

"Za gari punguza utakavyo," Mahganj alijibu bila kuinua macho. "Nakili nyimbo pembeni, upunguze hizo nakala. Zangu ziache zilivyo."

"Nakala nikaiweke wapi? Diski imejaa pomoni! Kaseti moja ina nyimbo kumi, na picha ileile umeipachika mara kumi, tena unayo nyingine kwenye folda. Si israfu hiyo?"

"Tafuta diski nyingine."

"Haya, nitatafuta."

"Shahdad." Sasa alimtazama. "La Karimdad usiliguse."

"Lakini dada, siku hizi nani anasoma jalada la kaseti?"

"Mimi nalisoma. Niahidi."

"Nimekuahidi. Aa, dada nawe!"

Diski hakutafuta. Alhamisi iliyofuata aliombwa gari liongoze msafara wa harusi, na fikira ya ile alama ya kijivu mbele ya wapambe wa bibi harusi ilimkosesha raha. Adhuhuri alikaa mbele ya kompyuta, akafungua programu ya kupunguza picha, na programu ikamuuliza kama picha ndogo zichukue nafasi ya zile kubwa katika nyimbo zote. Kulitenga jalada moja kungemtaka apitie orodha ndefu. Akakubali zote. Saa moja baadaye alilifungua jalada la Karimdad kwenye simu yake, kwa kuwa ahadi ilikuwa bado inamkuna. Mtende ulikuwapo, benju lilikuwapo, na uso wa Ustadh ulikuwa unang'aa vilevile.

"Si hili hapa?" alijisemea. "Wanawake kwa hofu!"

Hakuikuza picha. Angeikuza kwa vidole viwili tu, hadithi hii nisingekuwa nayo. Badala yake aliifuta na folda ya picha kubwa, maana sasa aliiona haina kazi, na nafasi iliyopatikana akaijaza tamthilia alizoachiwa na Hasil. Jioni hiyo majalada yalipita kwenye skrini moja baada ya jingine, vijana wakabandika pua kwenye vioo vya gari, na Shahdad akala wali wa harusi kwa furaha ambayo hajaipata tena.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja Mahganj alikuwa akikanda unga, na redio ya jirani ikaanza kuimba "Mtende wa Aliyesafiri" kwa ala mpya na sauti ya mtu wa makamo. Alikuwa Dilmurad, mwimbaji aliyekuwa akivuma pwani yote. Mahganj alitabasamu, akasikiliza ubeti kwa ubeti. Katika ubeti wa mwisho, pale palipoachwa wazi miaka thelathini, Dilmurad alijitaja kwa ufupi: Murad ndiye aliaye chini ya mtende. Mahganj akaitoa mikono katika unga.

"Amejipiga muhuri," alisema. "Shahdad, umesikia? Amejipiga muhuri kwenye wimbo wangu!"

Mimi huwaza kwamba wizi huu ulikuwa rahisi kwa sababu tuliuandaa sisi wenyewe, siku ile tulipoona aibu kutaja jina la msichana. Lakini Mahganj hakutaka kuhurumiwa. Alitaka jina lake. Baraza la washairi wa mji lilikuwa likitayarisha kitabu cha nyimbo na watunzi wake, na akaenda kwa mwenyekiti, mzee Abdal, kumweleza.

"Mwanangu, mimi nakuamini," alisema mzee Abdal. "Lakini Dilmurad ameleta mashahidi wawili kwamba yeye ndiye aliyempa Karimdad maneno, na wewe mashahidi wako wote wako makaburini. Kitabu hakichapwi kwa kuamini. Niletee karatasi yenye jina, nami nitalitetea mbele ya yeyote."

"Karatasi ilikwenda na maji. Picha yake ninayo, na inasomeka mpaka nukta."

"Basi ilete Jumamosi."

Jumamosi Mahganj alivaa gauni lenye nakshi alizofuma mwenyewe, lile alilokuwa amelikunja tangu afiwe na mume. Shahdad alimpeleka kwa gari jeupe. Njiani wimbo wa Karimdad ulijitokeza, na jalada likajaa kwenye skrini, safi, la kupendeza.

"Hili ni la gari tu, siyo?" Mahganj aliuliza. "Langu lipo kwenye kompyuta uliyoibeba?"

Shahdad aliongeza sauti ya redio, akasema jua ni kali leo.

Katika ukumbi wa baraza walikaa wanaume tisa na vikombe vyao vya chai. Shahdad aliifungua kompyuta, akalitoa jalada. Wazee wakasogea. Wengine waliutambua uso wa Ustadh, wakamwombea rehema.

"Jina liko wapi?" aliuliza mzee Abdal akivaa miwani.

"Chini kabisa, kulia," alisema Mahganj. "Kuza, Shahdad."

Akakuza. Chini kabisa kulia palikuwa na mstari wa kijivu.

"Kuza tena."

Mstari ukawa madoa. Akakuza tena, madoa yakawa miraba, na miraba haikuwa na jina la mtu yeyote. Mzee Abdal aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti yangu, mimi hapa naona kama inzi wamepita."

"Labda mtunzi ni Doa binti Doa," alinong'ona mmoja wao aliyekuwa upande wa Dilmurad, na wawili watatu wakachekea ndani ya vikombe.

Mahganj hakuwatazama. "Fungua folda, Shahdad. Fungua ile picha yenyewe."

"Dada..."

"Fungua folda."

"Niliifuta," alisema Shahdad. "Nilidhani... ilikuwa inaonekana, dada. Kwenye simu ilikuwa inaonekana vizuri kabisa."

Mahganj alisimama, akajitanda shela yake, akatoka. Hakurudi kwa gari. Tulimwona akipita sokoni kwa miguu katika jua la saa saba, na gauni lake la nakshi likiburuzika vumbini.

Shahdad alihangaika, sitamnyima hilo. Diski aliipeleka kwa fundi wa kompyuta, naye akatafuta siku tatu akaambulia vipande vya tamthilia. "Mzee, umemwagia maji juu ya maji," fundi alimwambia. "Nitayatenganishaje?" Aliwaandikia Wabulushi wa Bahrein na Maskati, na mmoja akajibu kwamba kaseti ya Karimdad anayo, nzima, inaimba, ila haina jalada. Huko Karachi, duka la mchapaji lilikuwa linauza mashuka. Kitabu kikatoka, na katika ukurasa wa "Mtende wa Aliyesafiri" mtunzi aliyeandikwa ni Dilmurad.

Wiki hiyohiyo Hasil alipiga simu. Mwanawe alikuwa ameanza chuo huko Quetta na alihitaji gari. Kijana alikuja Ijumaa, akanywa chai, akachukua funguo, akaondoka. Shahdad alibaki mlangoni mpaka vumbi likatulia. Alibaki na nyimbo elfu kadhaa zilizopimwa kwa skrini ya gari la mtu mwingine.

Siku kadhaa baadaye aliingia barazani akiwa na kiboksi mkononi. Mahganj alikuwa akifuma, na hakuinua macho.

"Dada, nisamehe. Nimenunua diski kubwa. Kubwa sana, inaingiza mara ishirini ya ile ya zamani. Sasa hatutahitaji kupunguza chochote."

Mahganj aliukata uzi kwa meno.

"Ya kuwekea nini?" aliuliza.

 Kiboksi hicho kiko juu ya kabati hadi leo, hakijafunguliwa, na redio ya jirani bado inaimba, na kila ikifika ubeti wa mwisho Mahganj huenda jikoni. Msilaumu mto wala Dilmurad peke yao. Mwenye mbachao ndiye aliyeutupa kwa mkono wake, na msala aliouchekea umeshakwenda na mwenyewe. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.