Gudulia la Shangazi Evdokia

"Mwenye kuongeza maji huongeza shahidi."

Bibi Skolastika aliitupa methali hiyo katikati ya saluni yake pale Ngamiani, baada ya kusikia habari za kijana aliyechelewa miadi, akamwambia mchumba wake kwamba yuko msibani, kisha akamtumia na picha ya msiba wenyewe. Picha ilikuwa ya mwaka juzi. Wasichana walicheka, kisha wakataka kujua methali imetoka wapi.

"Imetoka mbali, kwa Wagiriki," akasema. "Mama yangu aliwapikia wale wa mashamba ya mkonge, wakamsimulia. Ilianza hivi."

Katika kisiwa kimoja cha huko kwao, chenye mbuzi wengi kuliko watu, aliishi mjane aitwaye Marigo, fundi wa kinywaji cha majani. Aliloweka mbegu za shamari na majani ya mlimani katika pombe kali, akatia asali, akaliachia jua limalizie. Kikiiva kiling'aa kama dhahabu, na ukitazama kwenye glasi uliona hadi upande wa pili. Nacho hakikuchanganywa na maji. Kukitia maji ilikuwa ni kumtukana aliyekitengeneza.

Binti akichumbiwa, mama yake alijaza gudulia jipya la udongo, akaliziba kwa kitambaa, likapelekwa ukweni kukaa hadi siku ya harusi. Lilifunguliwa mbele ya watu kabla ya kwenda kanisani. Kinywaji kikitoka safi, na ndoa ni safi.

Basi Fotini, binti wa Marigo, akachumbiwa na Pantelis, mfua vyuma. Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema. Gudulia lilipofika ukweni, lilipokewa na Evdokia, shangazi yake Pantelis, mwanamke wa kanisa ambaye alijinasibu hajawahi kuonja kileo, na mwenye ulimi wa kutosha kijiji kizima.

"Nitalilinda mimi," akasema. "Nyumba hii ina wanaume." Akalifungia chumbani mwake, ufunguo ukaning'inia kiunoni.

Siku ya harusi nyumba ilifurika, hata dirishani watu walikaa. Baba yake Pantelis akang'oa kitambaa, akainamisha gudulia kwenye glasi.

Kikatoka cheupe kama maziwa.

"Mungu wangu!" Evdokia akapiga ukelele kabla mtu hajapumua. "Mkosi! Nilisema mimi, ukoo ule una jambo! Ndoa hii haifungwi!"

Fotini alihisi shada la maua limekuwa jiwe kichwani. Alimtazama Pantelis, Pantelis akamtazama baba yake, baba akaitazama glasi. Mpiga zeze alishaanza kulifunga zeze lake. Wanawake walinong'ona, na Fotini alijua kesho kisiwa kizima kitamwita mwali wa mkosi, wala hakuna mwingine atakayebisha hodi kwao.

Marigo akaichukua glasi, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Halafu akacheka.

"Fotini, nipe maji."

"Mama, maji ya nini sasa?"

"Nipe, mwanangu."

Akatoa chupa ndogo ya kinywaji kile kile aliyokuja nayo, akamimina glasi nyingine. Ilikuwa dhahabu tupu. Akaidondoshea maji. Hapo hapo ikageuka maziwa. Nyumba nzima ikaguna.

"Naona hivi kila nikiosha mitungi yangu," akasema Marigo. "Shamari na maji hawaelewani. Hakuna mkosi hapa, jamani. Kuna mtu amekunywa, kisha akajazia."

Baba yake Pantelis akageuka taratibu. "Dada, gudulia lilikaa kwa nani?"

Macho yote yakashuka kwenye ule ufunguo. Evdokia akaufunika kwa mkono, akiwa amechelewa.

"Nilikuwa na kikohozi," akasema kwa sauti ndogo. "Kijiko tu, cha dawa."

"Kijiko au upawa?" mtu akadakia kutoka dirishani.

"Shoga yangu," Marigo akasema, "si ungeliacha tu pungufu? Gudulia jipya hunywa. Ningesema udongo umekunywa, na hakuna ambaye angeuliza. Sasa maji yamekuwa shahidi."

Fotini alimwona Evdokia, mzee wa watu, amesimama peke yake, kama alivyokuwa amesimama yeye muda mfupi uliopita. Akaichukua ile glasi nyeupe, akampelekea kwa mikono miwili.

"Shangazi, kikohozi kimepona, au nikuongezee?"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Evdokia mwenyewe alicheka hadi machozi, akainywa yote, akamvuta mwali wake kifuani. Zeze likafunguliwa upya. Pantelis akamshika Fotini mkono, wakatoka kwenda kanisani.

Tangu hapo, mtu wa kisiwa kile akianza kulipamba kosa lake, wenzake humnyooshea glasi tu.

Bibi Skolastika akarudi kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. "Sasa huyo kijana wenu. Angesema nimechelewa, yangeisha. Akaona atume na picha."

Wasichana wakaitikia kwa pamoja: "Mwenye kuongeza maji huongeza shahidi."